Namba moja au namba mbili? Mwongozo kamili wa herpesi ya sehemu za siri kwa walio kwenye ndoa na mahusiano

Herpesi ya sehemu za siri, yaani yale malengelenge yanayotoka huku chini, yanapasuka, yanakuwa vidonda vinavyochoma balaa, inaletwa na virusi viwili tofauti, HSV-1 na HSV-2. Hapa nitaviita namba moja na namba mbili. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, si wewe si daktari mwenye miaka 30 kazini, kidonda ni kile kile na maumivu ni yale yale. Ila kwa watu wawili wanaolala kitanda kimoja namba ndo inaamua karibu kila kitu: kama itakuwa inarudi rudi, kama mwenzako yuko hatarini au tayari ana kinga yake, kama kuna haja ya kumeza vidonge kila siku, na hapa ndo ndoa nyingi zinapoyumba, kama kweli kuna mtu kachepuka au la. Mimi huwa nashangaa mtu anaambiwa una herpesi, anapewa dawa anaondoka, hajauliza ni ipi.

Na tusichanganye na mkanda wa jeshi. Ule ni wa virusi vya tetekuwanga, ni ndugu wa ukoo mmoja na hawa lakini hauambukizwi kwa ngono na hauhusiani kabisa na tunachoongea hapa.

Kwanza zijue tabia zao

Namba moja makazi yake ya kawaida ni mdomoni. Ni vile vipele vya maji vinavyotoka pembeni ya lipsi ukiwa na mafua au malaria, wengi tunaviita vidonda vya homa na tunaona ni homa inatoka tu. Watu wengi Afrika wameipata wakiwa watoto, kwa kubusiwa na shangazi, bibi, dada wa kazi, yeyote yule, wala hawakumbuki. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanakadiria kwa mwaka 2020 watu kama bilioni 3.8 wa chini ya miaka 50 walikuwa nayo duniani. Sasa huyu huyu wa mdomoni akipelekwa chini kwa ngono ya mdomo (wenyewe mnasema kuzama chumvini) anaweza kuweka makazi huko na kutoa vidonda sawa kabisa na vya namba mbili.

Namba mbili yeye ni wa huku chini, anapita kwenye ngono karibu mara zote, mdomoni hakai sana. Makadirio hayo hayo ya WHO yanasema kama watu milioni 520 wa miaka 15 hadi 49 wanayo, na Afrika ndo inaongoza kwa kiwango. Wengi wao hawajui, kwa sababu hawajawahi kuona kidonda au walikiona wakadhani ni fangasi, wembe umewakwaruza, ama joto.

Tofauti kubwa ni kurudi. Namba mbili huku chini, mtu aliyepata vidonda mara ya kwanza, mwaka wa kwanza hurudiwa kama mara 4 hivi, wengine zaidi. Namba moja huku chini hurudi mara moja au isirudi kabisa na mwaka wa pili ndo inazidi kunyamaza. Halafu kuna kile kitu watu hawakipendi kukisikia, virusi vinatoka kwenye ngozi hata siku ambayo hakuna kidonda. Utafiti uliotoka Marekani 2011 uliona wenye namba mbili wanaopata vidonda walikuwa wanatoa virusi kwenye 20% ya siku walizopimwa, na wasiowahi kuona dalili 10%. Kwa namba moja ya huku chini utafiti wa 2022 ulikuta 12% miezi miwili baada ya kuambukizwa, kufika mwezi wa 11 imeshuka mpaka 7%. Kwa hiyo mtu mwenye namba moja chini na mwenye namba mbili chini hawako kwenye boti moja hata kama vidonda vyao vinafanana.

Na namba mbili ina ubaya mwingine: inaongeza uwezekano wa kupata VVU kama mara 3 mtu akikutana navyo. Kwa hiyo ukigundulika nayo pima VVU, na kama uko kwenye mazingira ya hatari uliza kuhusu PrEP, zile dawa za kujikinga usipate VVU.

Hatua ya kwanza: swabu, tena mapema

Kidonda kikitoka usipake kitu. Si GV, si dawa ya meno, si chumvi, si ile krimu jirani kakwambia. Nenda hospitali ndani ya siku 2 za mwanzo kikiwa bado kibichi kina majimaji, maana kikishakauka na kuweka gamba kipimo kinakosa. Unachoomba ni kidonda kipanguswe kwa kijiti cha pamba, ndo hiyo swabu, kipimwe kwa PCR, ni teknolojia ile ile iliyotumika kwenye korona, na majibu yaseme ni HSV-1 au HSV-2. Usiridhike na majibu ya "herpesi ipo" tupu.

Zahanati nyingi hawana hiki kipimo, watakuchoma sindano ya penisilini kwa kuhofia kaswende na kukupa asiklovia, dawa ya kutuliza herpesi, na hilo si kosa, ndo utaratibu pale ambapo maabara hakuna. Meza dawa, usisubiri majibu ndo uanze. Ila ulizia hospitali kubwa au maabara binafsi ya mjini inayochukua swabu, nenda siku hiyo hiyo. Na kaswende upimwe kweli, kidonda chake mara nyingi hakiumi na ndo maana kinapuuzwa.

Hatua ya pili: damu, ya wote wawili

Hapa ndo pesa za watu zinapopotea. Kipimo cha damu hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili unawatengeneza kupambana nacho, na kuna za aina mbili, IgM na IgG. IgM achana nayo. Haitofautishi namba vizuri, inaweza kusoma chanya hata kwenye vidonda vya kurudia, na imefarakanisha watu wengi kwa kuambiwa "haya ni maambukizi mapya". Unataka IgG inayotenganisha HSV-1 na HSV-2, na kwenye karatasi uone mistari miwili kila mmoja na jibu lake.

Kisha soma ile tarakimu ya kipimo chenyewe, siyo neno chanya peke yake. Vipimo vinavyotumika sana, kuanzia 1.1 wanaandika chanya, lakini kwa HSV-2 majibu yaliyo kati ya 1.1 na 3 yana uongo mwingi na yanatakiwa kurudiwa kwa njia nyingine. Kwa damu za Afrika Mashariki tatizo ni kubwa zaidi, watafiti Uganda na Kenya walishalikuta, watu wanasomeka wana namba mbili kumbe hawana. Kwa hiyo mtu asifungashe virago kwa sababu ya 1.4 ya kwenye karatasi.

Mambo mengine mawili ya kukumbuka. Kingamwili zinachukua wiki kadhaa kujengeka, ukipima baada ya wiki 12 hadi 16 toka tukio ndo jibu la kuaminika. Na IgG ya namba moja haikwambii iko mdomoni au chini, inakwambia ipo mwilini basi. Ya namba mbili ikiwa chanya kweli kweli, karibu mara zote ni ya chini.

Hatua ya tatu: kabla hamjagombana, zisomeni karatasi mbili pamoja

Nimeiweka hii katikati kwa makusudi maana ndo moyo wa jambo zima. Swabu peke yake haisemi umepata lini. Damu peke yake nayo haisemi. Zikiwekwa pamoja, zimechukuliwa siku moja, kwenye vidonda vya mara ya kwanza, zinaanza kuongea.

Tuseme mke katoka vidonda mara ya kwanza maishani, siku ya tatu kachukuliwa swabu na damu. Swabu inasema HSV-2. Damu inasema IgG ya HSV-2 chanya, tena juu, 6 na kitu. Mume anaona "mke wangu kaletewa juzi". Hapana. Kingamwili hazijengeki kwa siku tatu, huyu mama kirusi alikuwa nacho toka zamani, inaweza kuwa miaka, inaweza kuwa kabla hata hawajajuana, leo tu ndo kimejitokeza labda mwili ulichoka. Inatokea sana.

Badilisha. Swabu inasema HSV-1, damu inasema HSV-1 hasi na HSV-2 hasi. Hii kwa uwezekano mkubwa ni mpya kabisa, imeingia wiki chache zilizopita. Sasa kabla ya kuita wazee muulize baba, au mwangalie tu mdomo, wiki mbili nyuma hakuwa na kidonda cha homa kwenye lipsi? Na hata kama hakuwa nacho, namba moja inatoka kwenye mate bila kidonda. Mke kapata herpesi ya sehemu za siri kutoka kwa mumewe mwaminifu aliyeambukizwa na bibi yake akiwa na miaka minne. Si lazima kuwe na mchepuko hapo.

Ya tatu ndo ngumu: swabu HSV-2, damu ya HSV-2 hasi. Ni mpya, imetoka kwa mtu aliyelala naye karibuni. Lakini hata hapa mpya kwako haimaanishi mpya kwa aliyekupa, mwenzako anaweza kuwa amekaa nayo miaka 10 ya ndoa au kabla ya ndoa bila kujua na mmekaa miaka hamjaambukizana, siku moja ikapita. Mpime na yeye. Akisoma chanya, karatasi haitasema aliipata lini wala kwa nani, na hakuna maabara duniani itakayokwambia. Kama una shaka na mwenendo wake ongeeni mwenendo, msiitwishe karatasi mzigo usio wake.

Hatua ya nne: tafuteni nyie mko kundi lipi

Wote wawili mna namba ile ile. Nyie mna amani kuliko wote. Hamrudishiani kama mpira, mwili ulishajenga kinga ya namba hiyo na kuambukizwa tena ni nadra sana. Kondomu kwa ajili ya herpesi hamna haja, ila vidonda vikiwa wazi pumzikeni tu, vinauma na vinafungulia njia magonjwa mengine.

Mmoja ana namba moja chini, mwingine ana namba moja mdomoni. Hili kundi linajidhania liko matatani kumbe ni kama la juu tu. Mwenye ya mdomoni toka utoto ana kinga inayomlinda kwa sehemu kubwa asiipate na huko chini.

Mmoja ana namba mbili, mwingine ana namba moja peke yake. Hapa ndo watu wanajidanganya, "si wote tuna herpesi, basi". Namba moja haizuii namba mbili kuingia. Inachofanya mara nyingi ni kupunguza makali, kwa hiyo yule mwingine anaweza kuipata asihisi chochote. Chukueni tahadhari zote za hapa chini.

Mmoja ana namba mbili, mwingine hana kitu. Kundi la kuwa makini zaidi, hasa kama asiye nayo ni mwanamke, maana mwanaume kumpa mwanamke ni rahisi kuliko kinyume chake.

Mmoja ana namba moja, mwingine hana kitu kabisa. Kwa watu wazima wa kwetu si kundi kubwa lakini lipo. Angalieni mdomo kuliko chochote: kukiwa na kidonda kwenye lipsi, au hata ile hali ya kuwasha kabla hakijatoka, hakuna denda na hakuna kushuka chini.

Hatua ya tano: kupunguza kuambukizana

Jifunze dalili za onyo. Siku moja au mbili kabla malengelenge hayajatoka wengi wanahisi kuwashwa, kuchomachoma, au maumivu yanayoshuka kwenye tako na paja la upande mmoja. Toka hapo mpaka ngozi iwe imepona kabisa, gamba limedondoka lenyewe, hakuna tendo. Hata na kondomu hapana, maana virusi vinaweza kuwa kwenye korodani, kwenye mapaja, kondomu haifiki huko.

Siku nyingine, kondomu inasaidia na inasaidia sana. Uchambuzi wa 2016 uliotumia wapenzi wa Afrika ambao mmoja ana namba mbili uliona kwa kila tendo inapunguza hatari ya mwanaume kumpa mwanamke kwa 96%, na mwanamke kumpa mwanaume 65%.

Dawa ya kila siku. Utafiti wa wapenzi 1,484 uliotoka 2004, mwenye namba mbili alimeza valasiklovia (ndugu yake asiklovia) 500 mg mara moja kwa siku kwa miezi 8: walioambukizwa walikuwa 1.9%, wakati upande wa vidonge visivyo na dawa ilikuwa 3.6%. Yaani imekata karibu nusu. Lakini shika haya mawili. Utafiti huo ulikuwa wa namba mbili, usiuhamishie kwa mwenye namba moja chini ambaye hata hairudi. Na kwa wapenzi ambao mwenye namba mbili pia ana VVU, asiklovia 400 mg mara mbili kwa siku ilijaribiwa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na nchi nyingine za Afrika, haikuzuia kumwambukiza mwenzake VVU wala namba mbili. Kwa hao ARV ndo mpango na kondomu iendelee.

Tohara watu wanaiulizia. Utafiti wa Rakai kule Uganda, majibu ya 2009, uliona inapunguza wanaume kupata namba mbili kwa kama 28%, wa Kisumu kule Kenya hawakuona tofauti. Usiitegemee kama ngao.

Choo cha kukaa, taulo, kapu la nguo, msihangaike navyo.

Hatua ya sita: dawa zenyewe

Hakuna dawa inayoondoa herpesi mwilini. Anayekuuzia chupa ya mizizi kwa laki na nusu akisema inang'oa, anasubiri tu vidonda vipoe vyenyewe, maana huwa vinapoa vyenyewe, halafu ajipigie makofi.

Mara ya kwanza kwa kawaida ni asiklovia 400 mg mara tatu kwa siku, siku 7 mpaka 10. Ikirudi, 800 mg mara tatu kwa siku 2 tu inatosha wengi, ila uanze ndani ya masaa 24, kwa hiyo muombe daktari akuandikie mapema uwe nazo nyumbani siyo uanze kuhangaika famasi usiku. Ya kila siku ni 400 mg mara mbili. Mwenye matatizo ya figo lazima aseme, dozi inabadilika. Krimu ya kupaka haina maana sana, weka hela kwenye vidonge. Mkojo ukiunguza, kojoa ukiwa umekaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, inasaidia kweli. Ukishindwa kabisa kukojoa, au kichwa kinauma shingo imekakamaa, hiyo ni hospitali sasa hivi.

Wenye namba mbili inayorudi kila mwezi ndo wanafaidi dawa ya kila siku. Ukimaliza mwaka ongea na daktari, acheni muone, wengine hairudi tena kwa kasi ile. Mwenye namba moja chini kumeza kila siku mara nyingi ni kujichosha.

Hatua ya saba: kumwambia

Siyo kitandani, siyo kwa WhatsApp, siyo mbele ya watoto. Na uwe umeshajua namba yako, maana swali la kwanza litakuwa hilo hilo na ukijibu sijui, mazungumzo yanageuka kesi. Maneno machache yanatosha, kwa mfano:

"Baba Neema, kile kidonda nilichokwambia majibu yametoka. Ni herpesi, ile namba mbili. Daktari kasema damu inaonyesha ninayo toka zamani, sikuwa najua. Nataka na wewe upime tujue una nini, halafu twende wote akatueleze."

Kisha nyamaza. Mwache akasirike, mwache atoke nje apige simu, usianze kujitetea kabla hujaulizwa. Wanaume nanyi, ukianza na "mama Neema utakuwa umenipa wewe" mtaongea mpaka asubuhi na hakuna atakayeenda kupima.

Mimba inabadilisha hesabu

Mama aliyekuwa na herpesi toka zamani, hatari kwa mtoto ni ndogo, chini ya 1%, kwa sababu anampa mtoto kingamwili zake. Aseme kliniki, kuanzia wiki ya 36 atapewa asiklovia mara tatu kwa siku, na kama uchungu umeanza na kuna kidonda ama zile dalili za onyo atafanyiwa upasuaji. Hatari kubwa ni mama anayeipata kwa mara ya kwanza miezi mitatu ya mwisho, hapo mtoto anaweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa kwa 30 hadi 50%. Kwa hiyo mama hana kitu na baba ana namba mbili: miezi mitatu ya mwisho hakuna tendo. Baba ana vidonda vya homa mdomoni na mama hana namba moja: hakuna kuzama chumvini kipindi hicho, na hapa namba moja haina upole wowote, inaua kichanga kama namba mbili.

Na mtoto akishazaliwa, wageni wakija kumuona, yeyote mwenye kidonda mdomoni asimbusu, hata akiwa ndo bibi mzaa baba. Kichanga cha wiki chache kikipata homa, kikilegea na kukataa ziwa, kikitoa malengelenge au degedege, mpelekeni hospitali saa ile ile na mtaje neno herpesi kabla hamjaulizwa.